Njia za basi zenye abiria wachache: zifutwe au zibaki?

Swali: Ninapanga ratiba katika idara ya usafiri ya manispaa yenye njia 14 na mabasi 48 saa za msongamano. Njia nne, ya 11 hadi ya 14, zinatumia mabasi sita (mawili, moja, mawili, moja) lakini hazibebi hata abiria mmoja kati ya kila 20. Mkurugenzi anataka mabasi hayo yote yahamie njia kubwa, ambako watu wanaachwa vituoni. Madiwani wanasema huko ni kuwatupa wazee na wagonjwa. Njia ya 11 inakwenda sambamba na njia kubwa ya 3, mita 300 hivi kutoka kwayo. Ya 12 inakwenda hospitali. Ya 13 hujaa mwanzoni, kisha kilomita tatu za mwisho huwa tupu. Ya 14 hupanda mtaa wa kilimani wenye wazee wengi. Upo pia mtaa mpya mkubwa usio na basi kabisa. Nimshauri nini?

Jibu:

Mabasi yote sita usiyahamishe, wala yote sita usiyaache yalipo. Kwa maelezo uliyotoa, njia moja kati ya hizo nne ifutwe, moja ifupishwe, mbili zipangwe upya. Mabasi mengine ya kupunguza msongamano utayapata kwenye njia kubwa zenyewe. Nieleze kwanza ninavyohesabu, kisha nirudi kwenye kila njia.

Ugomvi wa mkurugenzi na madiwani hauishi kwa sababu basi limepewa kazi mbili zinazovutana. Kazi ya kwanza ni kubeba watu wengi kwa fedha iliyopo. Basi la kazi hiyo hufuata barabara iliyonyooka, penye nyumba, shule, ofisi na masoko yaliyosongamana, na hupita mara kwa mara. Kazi ya pili ni kuhakikisha hakuna mkazi aliyeachwa. Hapo basi hupinda, hupanda vilima, na muda mwingi huwa nusu tupu. Saa ya basi, yaani saa moja ya basi moja kuwa kazini barabarani, ikishatumika huku haipatikani kule. Kosa linalorudiwa ni kuzipima njia zote kwa idadi ya abiria kwa saa ya basi. Njia iliyowekwa kwa ajili ya mkazi wa mbali itafeli mtihani huo kila mwaka, maana haikutungwa kwa mtihani huo.

Kwa hiyo gawa saa za basi katika mifuko miwili, wa kwanza wa kubeba wengi na wa pili wa kuwafikia wakazi wote, na uwiano wake uamuliwe na baraza kwa kura ya wazi kabla hujachora njia hata moja. Houston, Marekani, ilibadilisha karibu mtandao wake wote wa mabasi kwa usiku mmoja, Agosti 2015. Kabla ya hapo bodi ilikuwa imeshakubaliana kwamba asilimia 80 ya huduma ilenge kubeba wengi na asilimia 20 ilenge kuwafikia wakazi. Uwiano huo si wa kunakiliwa. Mji uliotawanyika huhitaji mfuko wa pili mkubwa kuliko mji uliobanana. Kinachofaa kuigwa ni mpangilio wa maamuzi. Diwani haulizwi tena kama anawajali wazee, anaulizwa ni saa ngapi za basi watengewe, na akitaka ziongezwe aseme abiria wa njia ipi watangoja zaidi.

Mifuko miwili ina hatari yake. Uingereza, nje ya London, mabasi yaliachiwa soko Oktoba 1986. Kampuni zikaendesha njia zenye faida, na halmashauri zikawa zinanunua kwa zabuni zile safari ambazo kampuni hazikuzitaka. Matokeo yake safari za huduma zilikaa peke yake kwenye vitabu, zinaonekana na kila mtu, na bajeti za halmashauri zilipobanwa baada ya 2010 zikawa rahisi kukatwa. Ndiyo sababu mfuko wa pili uandikwe kama asilimia ya saa zote za basi, si kama fedha itakayobaki, na uamuzi huo uwe na tarehe ya kupitiwa upya, kwa mfano kila baada ya miaka mitatu.

Sasa tuje kwenye njia kubwa, maana nadhani mkurugenzi anatazama pembeni wakati basi analolitafuta liko mbele yake. Chukua mfano wa njia ya kilomita 12. Kwenda ni dakika 45, kurudi 45, mapumziko ya mwisho wa njia jumla 10: mzunguko wa dakika 100. Ukitaka basi kila dakika 10, gawanya 100 kwa 10; unahitaji mabasi 10. Ukikata dakika kwenye mzunguko, mabasi yanajitoa yenyewe.

Dakika hizo hukaa mahali palepale kila mji. Vituo vikiwa kila mita 300, njia hiyo ina vituo 40; vikiwa kila mita 400, ina 30. Kila kituo kinachoondolewa huokoa sekunde 15 hadi 20 za kupunguza mwendo, kufungua na kufunga mlango na kuingia tena barabarani, hata kama abiria wake watapandia kituo cha jirani. Vituo kumi ni dakika tatu hivi. Malipo ya fedha taslimu mlangoni humla kila abiria sekunde kadhaa. Wakipanda watu 60 upande mmoja, na kila mmoja akaokoa sekunde tatu kwa kulipa kabla ya kupanda au kwa kondakta kukusanya ndani basi likitembea, hizo ni dakika tatu nyingine. Kisha kuna mchepuko: basi linaacha barabara kuu, linaingia uwanja wa jengo fulani, linazunguka na kutokea lango lilelile, dakika nne. Jumla ni dakika 10 kila upande. Mzunguko unashuka kutoka 100 hadi 80, na pengo lilelile la dakika 10 kati ya basi na basi linashikwa na mabasi manane. Mawili yamepatikana bila kumnyima mtu safari.

Mchepuko usiukate kwa jicho tu. Hesabu dakika za watu. Wakiwamo 40 ndani ya basi, dakika nne zinawagharimu dakika 160 kwa pamoja. Wakishuka watatu pale langoni na kila mmoja akaepushwa mwendo wa dakika tano kwa miguu, faida ni dakika 15. Hesabu hiyo inakwambia kata. Ila ikiwa langoni ni zahanati, na mmoja kati ya watatu anatembelea mkongojo, namba peke yake haitoshi. Hapo linganisha gharama ya mchepuko na gharama ya kituo kizuri barabarani chenye kivuko salama na njia ya miguu iliyosawazishwa. Mara nyingi zege la mita 150 ni rahisi kuliko dakika nne za kila safari kwa miaka kumi. Na katika kupunguza vituo, usiguse vya hospitali, shule, vya kubadilishia basi, wala vilivyo katikati ya mlima mkali.

Kuhusu watu wanaoachwa vituoni, chunguza mabasi yanavyofuatana kabla ya kuongeza hata moja. Pengo la dakika 10 likishikwa barabara, abiria anayefika bila kutazama ratiba hungoja wastani wa dakika 5. Mapengo yakiwa 4, 16, 4, 16, idadi ya mabasi haijabadilika lakini wastani unapanda hadi dakika 6.8, kwa sababu wengi hufikia ndani ya pengo refu. Yakija mawili mawili, wastani ni dakika 10, kana kwamba nusu ya mabasi mmeyauza. Tena la mbele hujaa hadi mlangoni na la nyuma hutembea na viti vitupu. Hali hii hujizidisha: basi lililochelewa kidogo hukuta watu wengi zaidi, hukawia kupakia, huchelewa zaidi, na la nyuma yake hukuta vituo vimeshaokotwa. Dawa yake ni mapumziko ya kutosha mwisho wa njia (chini ya asilimia 10 ya mzunguko ni kujidanganya), msimamizi anayeachia mabasi kwa pengo badala ya kuyaachia yakishajaa, na vituo viwili au vitatu vya katikati ambapo basi lililowahi hushikiliwa kidogo. Weka watu wawili wenye saa na daftari kwenye kituo chenye lawama nyingi, asubuhi tatu kati ya Jumanne na Alhamisi, waandike saa ya kila basi, waliopanda na walioachwa. Utajua kama tatizo ni uhaba wa mabasi au ni mpangilio.

Tahadhari moja kuhusu hesabu yako ya abiria wa njia hizo nne. Wastani wa njia nzima huficha mambo mawili. La kwanza ni saa. Mabasi na madereva mmeshawalipia kwa ajili ya asubuhi na jioni. Safari ya saa 5 asubuhi ikifutwa, mnaokoa mafuta, matairi na sehemu ya matengenezo, lakini zamu ya dereva mnailipa vilevile. Kwa hiyo safari za mchana huonekana ghali kwenye wastani, kumbe ni za bei nafuu. Basi la ghali kweli ni lile la nyongeza linalotoka yadi kwa tripu mbili za asubuhi na kurudi kulala. Jambo la pili ni mkia wa njia. Abiria watano wanaopandia mwisho kabisa huendelea na safari hadi katikati ya mji. Ukikata mkia, unawapoteza kwenye shina pia.

Na msifikiri haki iko kwenye mfuko wa pili peke yake. Abiria wengi wa kipato cha chini wamo kwenye njia kubwa, wamesimama. Los Angeles, Marekani, mwaka 1996 mamlaka ya usafiri ilifungwa na makubaliano ya mahakama, baada ya kushtakiwa na watumiaji wa mabasi, kupunguza hatua kwa hatua idadi ya wanaosimama. Kubanwa ndani ya basi kulihesabiwa kuwa suala la haki za raia. Hoja ya mkurugenzi wako basi ni hoja ya haki nayo, na madiwani waisikie hivyo.

Kinachokosekana kwa kawaida ni kujua nani ananufaika na nani anaumia. Hesabu ya waliopanda haimwoni aliyeachwa, wala aliyeshakata tamaa akaacha kuja kituoni. Mikutano ya hadhara haimwoni mfagiaji anayeanza kazi saa 11 alfajiri. Kwa kila pendekezo, chora mambo mawili kwa kila mtaa. Kwanza, wakazi wangapi wako ndani ya mita 500 za kituo, zikipimwa kwa njia wanayotembea kweli. Duara la ramani litakudanganya, maana reli, bonde au barabara kuu isiyovukika hugeuza mita 300 kuwa 900. Pili, ndani ya dakika 45 tangu mtu atoke mlangoni, kungoja kukihesabiwa, anafikia hospitali, masoko na nafasi ngapi za kazi, kabla ya badiliko na baada yake. Kisha tenga mitaa maskini uone mizani imeelemea wapi. Marekani, chini ya sheria ya haki za raia ya 1964, mashirika makubwa ya mabasi yamekuwa yakilazimika kufanya uchambuzi wa namna hii kabla ya badiliko kubwa, na kutakiwa kutangaza mapema kipimo cha kusema badiliko hili ni kubwa na tofauti hii haikubaliki. Hilo la mapema ndilo la kuiga. Kipimo kikiwekwa baada ya majibu kujulikana, kila upande hukivuta kwake.

Sasa njia zako.

Njia ya 11 ifutwe. Mita 300 hadi njia kubwa ni dakika nne za kutembea, na wakazi wake watapata basi linalopita mara nyingi zaidi. Kabla ya kutangaza, itembee mwenyewe kwa miguu, mitaa yote ya katikati, mchana na usiku. Ukikuta mtaro usio na daraja au barabara isiyo na kivuko, jenga kwanza, futa baadaye. Mabasi mawili yamepatikana.

Njia ya 12 ibaki kwenye mfuko wa pili, lakini itazame ratiba yake. Njia za namna hii hufa kwa saa zisizokaririka: basi moja lenye mzunguko wa dakika 70 hutoka saa 1:00, 2:10, 3:20, na hakuna mgonjwa anayeweza kulishika kichwani. Ukiubana mzunguko hadi dakika 60, mathalani 25 kwenda, 25 kurudi na 10 za kupumzika, basi lilelile litatoka dakika ileile kila saa, kutwa nzima. Mzunguko wa dakika 65 ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu ili utoke kila saa unahitaji basi la pili kwa ajili ya dakika tano. Kata kona moja. Linganisha pia saa za kuanza na kumaliza na zamu za hospitali na saa za kuona wagonjwa. Safari ya mwisho inayotoka kabla ya zamu kwisha haina maana kwa mfanyakazi, na kama hawezi kurudi nayo jioni hatakuja nayo asubuhi.

Njia ya 13 ifupishwe iishie pale abiria wanapokwisha, kwenye kituo chenye paa, taa na choo. Basi moja kati ya mawili linatoka. Ule mkia wa kilomita tatu ni dakika 10 kwenda na 10 kurudi, na ikiwa mzunguko wa njia ya 14 hauzidi dakika 33, basi moja laweza kuzihudumia zote mbili kila saa kutoka kituo hichohicho: 20 na 33 ni 53, zinabaki saba za kupumua. Kama njia ya 14 leo haianzii hapo, iletwe. Kilimani watapoteza kitu, waambiwe hivyo bila kupakwa mafuta: basi lililokuwa likipita pengine kila dakika 40 sasa litapita kila saa. Cha kuwapa badala yake ni uhakika, yaani dakika ileile kila saa, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku, Jumapili ikiwamo. Na mabasi madogo yakutane na makubwa: la mtaani lifike dakika tano kabla ya la mjini kuondoka, na dereva wa la mjini awe na ruhusa ya maandishi ya kungoja dakika mbili. Abiria akilikosa basi la kila saa kwa nusu dakika mara mbili, harudi tena.

Hesabu sasa: mawili ya njia ya 11, moja la njia ya 13, na mawili kutoka njia kubwa ikiwa hali yako inafanana na mfano wangu. Hayo ni matano. Ningeyapeleka matatu kwenye njia zinazoacha watu, na mawili kwenye mtaa mpya usio na basi. Wakazi wa huko hawakuandika barua wala hawana njia ya kutetea, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu za mkurugenzi wala kwenye hoja za madiwani. Matatu ya njia kubwa usiyagawanye moja hapa, moja pale. Yaweke pamoja mahali ambapo pengo litashuka kutoka dakika 15 hadi 10, au 12 hadi 8, maana pengo likifika dakika 10 au chini yake watu huacha kutazama ratiba. Mchumi Herbert Mohring alionyesha mwaka 1972 kwamba mabasi yakiongezwa kufuata abiria, kila aliyekuwapo hungoja muda mfupi zaidi. Mwenendo huo hufanya kazi kinyumenyume vilevile pale mnapopunguza mabasi. Kwa makadirio ya haraka, safari zikiongezwa asilimia 10, abiria huongezeka kama asilimia 5, na hawaji wote mwezi wa kwanza.

Yote haya yataharibiwa na nauli kama abiria wa mkia wa 13 atalipa mara mbili kwa kuwa ninyi mmemlazimisha kubadilisha basi. Tiketi moja itumike kwa dakika 90 au saa mbili, basi lolote. Mkienda kwenye kadi, pawe na mahali pa kuijaza kwa fedha taslimu katika kila mtaa wa mfuko wa pili. Kuhusu pasi ya mwezi, anayeshindwa kuinunua ni yuleyule asiye na fedha ya mkupuo, kwa hiyo maskini huishia kulipa bei ya rejareja. Weka kikomo: kadi ihesabu nauli za siku na za wiki, na zikifika kiwango cha pasi zisikatwe tena.

Atatokea mtu wa kukushauri uondoe njia za 12 na 14 na kuweka gari dogo la kuitwa kwa simu. Sikiliza hesabu yake kwa makini. Gari linalomfuata kila mtu mlangoni hubeba watu wawili hadi watano kwa saa, kwa sababu kila abiria wa nyongeza huongeza mchepuko, na likipendwa ndipo gharama inapopaa. Helsinki, Finland, waliendesha huduma ya namna hiyo, Kutsuplus, tangu 2012, ikapata wapenzi, ikafungwa mwisho wa 2015 kwa uzito wa ruzuku. Dereva hulipwa mshahara uleule, gari liwe dogo au kubwa. Liweke kwa mtu asiyeweza kufika kituoni kwa ulemavu au ugonjwa, na kwa maeneo ambayo hata basi la kila saa halivuki abiria watano kwa saa. Na liagizwe kwa simu ya kawaida pia, maana wazee wa kilimani hawatapakua programu.

Tangaza mabadiliko wiki nane kabla, kwenye vituo vyenyewe na ndani ya mabasi, kwa herufi kubwa. Hesabu ya abiria ifanywe kabla, kisha baada ya miezi mitatu, sita na 12. Mpaka mwezi huo wa 12 upite, njia yoyote ya mfuko wa pili isiitwe mbele ya baraza kwa sababu ya abiria wachache. Iitwe ikiwa haitoki kwa saa yake, au ikiwa idadi ya wakazi walio ndani ya mita zile 500 imepungua.